Ramazani, Hukuniambia Simama

Sikubali. Jana tumemuzika mudogo wangu Ramazani na mpaka sasa ninasema sikubali, ndugu zangu munaosoma hapa.

Vijana hamukumujua. Wakati wa Zaïre alikuwa assistant kule chuo kikuu cha Kasapa, anafundisha programmation, namna ya kuandikia mashini amri. Ordinateur, ndiyo kompyuta, ilikuwa moja tu, imefungwa katika chumba cha baridi, wanafunzi wanaichungulia dirishani kama mgonjwa.

Basi akawaleta kwangu, commune Kenya, mtaa wetu hapa mjini. Akachimba uani mashimo ya kisolo, bao letu la mbegu, akatia mbegu. Mwanafunzi anaandika amri kwenye karatasi, mashini inagawa mbegu shimo kwa shimo vile ilivyoandikwa, bila kutumia akili.

Mashini ni nani? Miye! Shule niliacha darasa la nne, lakini ordinateur ya kwanza ya mtaa wa Kenya ni mimi. Ile ya Kasapa iliugua ovyo. Mimi hata mafua sikupata. Wainjinia wa mgodi walikuja na magari mawili kutaka kuninunua. Ramazani akakataa.

Sheria ilikuwa moja: mashini haijizimi. Aliyeamuru ndiye anasema simama.

Siku moja binti mmoja akasahau kuandika pa kusimama. Nikazunguka, nikazunguka, mpaka jua likahama ukuta. Magoti yalitoa moshi, kweli ya Mungu!

Mke wangu, anasonga bukari, ugali wetu, akapiga kelele toka jikoni: "Shemeji Ramazani, zimisha mashini yako, bukari inapoa!"

"Acha izunguke, mama! Huyu mutoto aone kosa yake na macho." Akamgeukia binti: "Weye, umeingiza muntu mu nyumba, mulango ya kutokea iko wapi?"

Tulicheka mpaka machozi.

Juzi nilimupelekea mbegu hospitali, na trei ya mayai iwe kisolo yetu. Sauti ya kuniita yaya, kaka yake mukubwa, ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Yaya, zunguka."

Nikaanza. Mbegu moja, shimo moja. Alikuwa anaangalia mikono yangu. Halafu haangalii tena.

Muuguzi akanishika: "Papa, inatosha." Lakini si yeye aliyeamuru.

Tangu pale bukari inapoa mezani, mke wangu hapigi tena kelele. Ananiangalia tu.

Ramazani, kosa hili uliwagombeza nalo wanafunzi wote. Sasa umelifanya weye mwenyewe. Trei iko hapa mbele yangu, mikono inaendelea, na muntu wa kunisimamisha tumemufunika udongo.

Lala, ndugu yangu. Mashini yako ingali inazunguka.