Kiti cha Chini cha Mahameli

Msasa alipoliona kabati lake limepakwa rangi nyeupe ya mafuta, alisahau hata kubisha hodi. Alisimama mlangoni mwa sebule ya wifi yake, akalitazama juu hadi chini.

"Limependeza, eh?" wifi akamwambia. "Ule weusi wake ulikuwa unanitia kiza humu ndani."

Weusi! Lilikuwa kabati la mti wa jozi, lililochongwa Ulaya enzi za mababu wa babu zetu, lenye majani ya mzabibu kuzunguka milango na vioo vyenye mawimbi kama maji yaliyoguswa kidogo. Msasa alilinunua kwa mshahara wake kabla hajaolewa, alipokuwa mfuta vumbi kwenye nyumba ya mnada. Lilikuwa limevunjika mguu na hakuna aliyelitaka. Alilitengeneza msimu mzima wa mvua, akalipaka polishi kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka mistari ya mbao ikaonekana kama inatembea. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina, maana hakukutwa siku bila kipande cha msasa mfukoni. Wenye midomo walisema hata ulimi wake ungeweza kukwangua ubao.

Mumewe alipofariki, udongo wa kaburi haujakauka, wifi akaja na lori. "Jasho la kaka yangu hili," akasema, na wabeba mizigo wakalitoa kabati kwa mlango wa mbele. Msasa alikuwa chumbani, hajiwezi kwa kilio. Alipotoka alikuta ukutani alama ya vumbi yenye umbo la kabati. Mashemeji wakamwambia aache, ni kabati tu.

Akaacha kulitaja. Moyoni alilifungia kama mtu anavyofungia kisu kwenye kitambaa.

Miaka ikaenda. Akafungua duka la samani za kale za Ulaya, akinunua kwenye nyumba za watu wanaohama: vioo vya fremu za dhahabu, vinara vya shaba, kauri za maua, saa ndefu za kusimama. Wateja walimpenda kwa sababu hakuwauzia tu, alikwenda kuwapangia. "Kitu cha kale usikibane," aliwaambia. "Kipe ukuta wake, kipe mwanga wa ubavuni, halafu kaa kimya ukitazame." Na kabla hajaweka chochote ndani ya nyumba, aliangalia kwanza nani hukaa wapi, na nani anataka kuonekana.

Asubuhi moja wifi akaingia dukani, anahema.

"Wifi yangu wee! Umenitupa jamani."

"Nipo. Karibu."

"Nimekuja na shida. Binti yangu kapata mchumba. Wazazi wake wanakuja Jumapili, na kwao nasikia kila kitu ni cha kale hivi hivi. Mimi na makochi yangu ya nailoni si nitaumbuka? Nipambie sebule, mwenzangu. Sisi si ndugu?"

Msasa aliendelea kusugua kinara. Ndugu! "Nitakupambia," akasema. "Nitakuazima kila kitu. Utakaa kama malkia."

Wifi alipoondoka, fundi wa viti akachungulia kutoka chumba cha nyuma. Alikuwa mtu mwenye maneno mengi kuliko sindano zake.

"Bosi, leo unacheka. Nani kafa?"

"Bado."

Akamwonyesha kiti cha chini kilichokuwa pembeni. Huko kilikotoka kilitengenezwa kwa ajili ya mama anyonyeshaye: hakina mikono, miguu yake mifupi, lakini mgongo wake mrefu umenakshiwa hadi juu. Kikiwa kitupu, ungeapa ni kiti cha enzi.

"Kivishe mahameli mpya, ile nyekundu ya zabibu."

"Na springi nibadilishe? Zimechoka hizi, mtu atazama."

"Mwache azame."

Siku moja kabla ya ugeni, Msasa akapanga sebule ya wifi kwa mikono yake. Kioo kikubwa akakitundika mkabala na dirisha, kikaingiza mwanga hadi pembeni. Viti virefu vya mikono akaviweka kushoto na kulia kwa ajili ya wageni. Kile chekundu akakiweka katikati, chini ya kioo, kinatazama kabati jeupe. Kabati hakuligusa.

Wifi akapiga makofi. "Na hiki chekundu?"

"Cha mwenye nyumba."

"Ewaa!" Akataka kukaa, Msasa akamzuia.

"Bado. Mahameli nimeipiga mvuke, ukikaa leo itabaki na alama ya makalio. Subiri wageni."

"Makalio yangu haya? Si yataacha shimo!" Wifi akacheka peke yake. Msasa alikuwa akimtazama magoti. Kwenye misiba, wifi hakuwahi kuinuka kutoka mkekani bila kushikwa na watu wawili.

Jumapili wageni wakafika, wakasalimiwa, wakaketi juu kwenye viti vyao. Wifi akajishusha kwenye kiti chekundu kwa madaha, na kiti kikampokea, kikampokea tena, mpaka magoti yakakaribia kidevu. Binti alikuwa bado chumbani anavaa. Msasa alikuwa akipitisha sinia la juisi.

"Mama mwenye nyumba yuko wapi?" akauliza baba wa mchumba, akiangalia mlangoni.

"Nipo hapa, baba," ikajibu sauti, kama ya mtu aliye kisimani.

Mazungumzo yakapita juu ya kichwa chake. Chakula kikawa tayari, ikawa zamu yake kuinuka awaongoze wageni mezani. Akajisukuma. Springi zikalia. Akatafuta mkono wa kiti, hakuna. Akajisukuma tena, jasho likamtoka, tabasamu limeganda.

Msasa akainama na sinia lake.

"Wifi, nipe mkono," wifi akanong'ona.

"Kabati lile la nani?"

"Lipi? Jamani, watu wanatuangalia."

"Lile jeupe."

"Nishike kwanza, mwenzangu, nakufa."

"Hufi. Sema, na useme kwa sauti. Au nimwite baba mkwe na mkewe wakunyanyue, huyu kwapa hili, huyu lile?"

"Kuna nini, mama?" akauliza mama wa mchumba.

Wifi akafumba macho. "Namwambia wifi... kabati lile ni lake."

"Endelea," Msasa akasema.

"Nililichukua alipofiwa. Sikumuuliza. Kesho linarudi kwake."

Baba wa mchumba akaanza kuchunguza bilauri yake. Hapo Msasa akaweka sinia chini, akamshika wifi, akamvuta kwa nguvu zote za mtu aliyebeba makabati maisha yake yote.

Harusi ilifungwa, hakuna aliyezira. Msasa alikwenda kuchukua vitu vyake vyote isipokuwa kiti chekundu. "Hicho ni zawadi," alimwambia wifi. Wifi angekitupa, ila mama mkwe wa binti alikuwa amekipenda mno, na kila akija humwambia, "Kaa kwenye kiti chako, mama, kinakupendeza." Fundi ndiye aliyeleta habari hizo, na Msasa alimtaka azisimulie tangu mwanzo.

Kabati lilikwanguliwa polepole, jani moja moja la mzabibu, mpaka jozi ikarudi. Fundi akafungua mlango mmoja, akaona ndani yake kipande cheupe cha ukubwa wa kiganja.

"Bosi, hapa umesahau."

"Sijasahau," Msasa akasema. Akaufunga mlango, akaanza kufuta kioo.