Ua la Katikati

Kina mama wa kikundi cha mama yangu hawakujua kuongea polepole. Kila Jumamosi alasiri walijaa sebuleni kwetu Mountain View, wakavua viatu mlangoni, wakatandaza vitambaa vyeupe mapajani, na vicheko vyao ungevisikia ukiwa kule barabarani Waiyaki Way. Wengi wao walitoka magharibi mwa Kenya kama sisi. Walikuja Nairobi kuolewa au kutafuta kazi, na kushona maua walijifunza kwa mama zao.

Walikuwa na desturi yao. Binti wa mmoja wao akiolewa, kikundi kilimshonea shuka la kitanda. Kila mama alipewa kipande chake, akakidarizia ua moja, kisha vipande vikaunganishwa. Ua la katikati lilikuwa la mama mzazi.

Sheria yao nayo ilikuwa moja: kazi iliyopinda hufumuliwa. Mwenyekiti ndiye aliyekagua. Mimi nilimwita Anti, ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Yeye na mama walitoka kijiji kimoja na walikuwa chanda na pete. Lakini kwenye sindano hakumjua rafiki. "Geuza mgongo tuone," angesema, na akiona fundo au mshono uliolegea upande wa chini, basi, fumua, anza upya. Mama alifumuliwa mara nyingi sana, akanuna, akashona tena.

Nilipochumbiwa, mama alikuwa tayari mgonjwa. Dawa za saratani zilimtia ganzi vidoleni hata kikombe cha chai kikawa kazi. Hata hivyo alidai kipande chake. Jioni baada ya ofisi nilikuwa nakaa miguuni pake nikimtungia uzi sindanoni, na sindano ikimponyoka tunaitafuta pamoja kwenye zulia. Alichagua waridi jekundu. Petali moja ilimshinda, ikatoka kubwa kuliko nyingine, imevimba upande.

"Hii imenona," akasema, akiiangalia kwa kuinamisha kichwa. "Imenona kama mwenyekiti wetu."

Tulicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Nikamwambia anipe nimsaidie kidogo tu. Akanitolea yale macho ya zamani, ya siku nilizovunja sahani.

"Wewe kazi yako ni kuolewa. Hii ni yangu."

Akaimaliza. Ilimchukua majuma, lakini akaimaliza, akaikunja, akanipa nimpelekee Anti. "Mimi nisipofika kwa harusi," akasema, "hii itafika."

Hakufika. Tulimzika nyumbani magharibi, harusi ikasogezwa mbele, na kila mtu akanipa ushauri ambao sikumwomba. Anti ndiye aliyeshughulika na kila kitu kwenye matanga, sufuria, mahema, wageni, wala sikumwona akitoa chozi. Nami nilikubali tarehe mpya kwa sababu nilichoka kuambiwa kwamba mama angependa nifurahi. Sikungoja gauni wala keki. Nilingoja lile shuka. Nilitaka kuipapasa ile petali kwa kidole, basi, mengine wangefanya wanavyotaka.

Sherehe ilikuwa kwenye bustani moja karibu na mtaa wa Jamhuri. Wakati wa zawadi ulipofika, kina mama waliingia wakiimba na kucheza kwa mabega, shuka limeshikwa pembe zote na kuinuliwa juu ya vichwa vyao. Wakalitandaza mezani mbele yangu. Macho yangu yalikwenda moja kwa moja katikati.

Waridi jekundu lilikuwepo. Petali zake zililingana kama vikombe vya seti moja.

Nikainua shuka nikaangalia mgongo wake. Safi. Hapakuwa na fundo hata moja.

"Anti, ua la mama liko wapi?"

"Si ndio hilo, mwanangu." Alikuwa anatabasamu, jasho likimtiririka kwa kucheza. "Ilikuwa imepinda. Nikasema, hapana, siwezi acha watu wa bwana yako waseme mama yako hakujua kushona. Nikaifumua yote, nikaishona vile yeye angeshona akiwa mzima. Hata rangi ni ileile."

Akangoja asante yake. Nami hasira ilinipanda, na maneno niliyokuwa nayo si ya bibi harusi. Yeye alikuwa amenirudishia mama akiwa mzima. Mimi nilimtaka yule mgonjwa, yule aliyenikalisha miguuni pake, kwa sababu huyo ndiye wa mwisho niliyekuwa naye.

"Zile nyuzi uliweka wapi?"

"Nyuzi gani?"

"Zile za mama. Ulizozitoa."

"Hizo? Zilikuwa vipandevipande, mwanangu. Nikafagia tu."

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Niliona yakimfikia. Tabasamu likamtoka, akaangalia mikono yake, akaangalia shuka.

"Woi," akasema. "Woi, nimemfagia."

Akaketi chini pale pale kwenye nyasi na nguo yake mpya, akalia kwa sauti, kilio chote ambacho hakukilia kule matangani. Nyuma yake wenzake waliendelea kuimba, wakidhani ni furaha. Mpiga picha akatusogelea. Mimi nikapiga magoti na gauni langu jeupe, nikamkumbatia kichwa.

Nilitaka kumwambia haidhuru. Ni neno jepesi, watu hulisema hata wakimwagiwa chai. Nilifungua mdomo nilitamke, likakataa kutoka, nikabaki nimemshika huku yeye akiniuliza, "Umenisamehe? Mwanangu, umenisamehe?"