Jongoo Dume wa Mama Mdogo

Wenzangu wakisikia harufu ya spiriti hukumbuka sindano. Mimi hukumbuka jongoo.

Mama mdogo Zaituni alikuwa akisomea viumbe chuo kikuu, na alikaa nasi Mchafukoge, chumba cha uani. Likizo moja alirudi kutoka kisiwa cha Mafia na chupa za jongoo waliolala ndani ya spiriti, na mmoja hai katika kopo la maziwa lenye majani makavu. Mweusi, miguu myekundu kama pilipili iliyoiva.

"Huyu hayumo katika kitabu chochote," aliniambia.

Majike alikuwa nao wanne, lakini majike hufanana. Dume ndiye hutofautishwa, kwa vijiguu fulani kwenye pingili ya saba, na dume alikuwa huyo mmoja tu.

Asubuhi, alipokwenda Kariakoo kupanga foleni ya sukari, nilifungua kopo nimpe hewa. Nikamweka kiganjani. Akajikunja, akaniachia maji ya njano yenye harufu kali. Nikamtupa. Nilipoinama kumtafuta, hayupo.

Mama mdogo alinikuta nalia. Singeweza kumdanganya; kiganja kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawia.

"Umejishika macho?"

"Hapana."

Akanipeleka bombani, akaniosha kwa sabuni kidole kimoja kimoja, akanifunua kope akachungulia. Ndipo akapiga magoti kutafuta. Tuliinua jamvi, tukahamisha gunia la mkaa, tukapekua hata viatu vya baba. Bibi, aliyekuwa akichambua mchele barazani, alisema tu, "Mtupa jongoo hutupa na mti wake." Nikazidi kulia.

Adhuhuri ilipokaribia, tukasikia tunaitwa. Mama Eliya, jirani yetu Mchaga aliyeogopa hata mende, alikuwa amesimama juu ya kigoda jikoni kwake, ufagio mkononi. Chini, kando ya maganda ya ndizi, jongoo wetu alikuwa akitembea bila haraka.

"Mchukue mdudu wako, Zaituni. Nilishainua ufagio, nikamkumbuka huyu mtoto alivyolia."

"Asante, dada," mama mdogo alisema, kisha akakaa palepale sakafuni akacheka mpaka machozi.

Baadaye barua ya wataalamu ilikuja kuthibitisha kwamba jongoo yule hakuwa bado na jina. Mama mdogo alinisomea mara mbili.

Kwa miaka mingi niliamini siku ile hakuwa na wasiwasi, maana aliniosha taratibu. Nilipopata kazi ninayoipenda, na watoto wa kuchezea vitu vyake, ndipo nilipojua dakika zile za bombani zilikuwa ndefu kiasi gani kwake.