Picha ya Mirihi Tuliyoiomba Tukiwa Kemondo

Nilikuwa nafundisha jiografia katika shule ya wasichana karibu na Kemondo niliposoma kwamba wanasayansi wenye kamera inayozunguka sayari ya Mirihi hupokea maombi ya mtu yeyote. Unachagua mahali, unaeleza sababu. Wakiridhika, wanakupigia picha. Niliwaambia wasichana wangu wa kidato cha tatu. Mwalimu wa taaluma aliposikia alicheka. "Mwalimu, hata darubini hatuna, wewe unaagiza picha za Mirihi?"

Tulizitazama picha za zamani zilizofifia, tukabishana mno. Aliyetushinda wote ni binti mmoja mpole, mtoto wa wakulima wa Kanazi. Alituonyesha ukingo wa shimo kubwa, akasema mteremko wake unafanana na udongo ulioporomoka nyuma ya kibanja chao cha migomba mvua zilipozidi.

"Ila kule mvua hainyeshi," alisema. "Sasa uliporomoshwa na nini?"

Swali hilo ndilo tulilotuma.

Miezi ikapita. Wasichana wakaingia kidato cha nne, wakaacha kuniuliza. Kisha asubuhi moja nikakuta ujumbe kwenye simu: picha imepigwa. Ilikuwa nzito, mtandao wa shuleni ukashindwa kuipakua, ikabidi niifuate Bukoba mjini.

Tuliziba madirisha ya darasa kwa khanga, nikawasha projekta. Mteremko ukajaa ukutani, na chini yake mawe makubwa kama malori, kila jiwe na mfereji liliouchora likibingirika. Binti wa Kanazi akasogea, akafuata mfereji mmoja kwa kidole hadi juu kabisa.

"Liling'oka hapa," alisema. "Hapa likadunda. Mwalimu, kuna mtu amewahi kuliona jiwe hili?"

"Kwa ukaribu huu, hapana."

Siku ya wazazi, mwalimu wa taaluma mwenyewe alikwenda kuazima projekta kubwa kanisani. Binti yule alieleza yote kwa Kihaya, bila kutazama karatasi. Alipomaliza, mama yake akauliza kutoka viti vya nyuma, "Hao wenye kamera ndio waliowaonyesha mahali pa kutazama?"

"Hapana, mama. Sisi ndio tuliowaonyesha."

Mama akasimama, akapiga vigelegele, na ukumbi mzima ukampokea. Nami nilipiga, mpaka sauti ikanikauka.