Bwawa la marehemu mume wangu kule Muyinga: samaki wetu walikaa msiba miezi tisa, na sasa watu wanakuja kuvua

Tarehe tisa mwezi wa pili mwaka jana nilimpoteza mume wangu, Dezire. Aliugua tumbo siku nne tu.

Wakuu, nawasalimu kutoka Gitega. Humu mimi ni msomaji, sijawahi kuanzisha uzi. Nimeishia darasa la saba, shule ya kambi ya wakimbizi Kigoma, kwa hiyo mnivumilie. Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Mimi ni fundi cherehani, naishi mtaa wa Nyamugari na binti zangu wawili. Dezire alikuwa mwashi. Kwao ni Muyinga, kilimani, saa nzima kwa miguu kutoka barabara ya lami. Huko bondeni alichimba mabwawa mawili ya samaki, moja kubwa na moja dogo kama chumba cha kulala. Aliyachimba kwa jembe, mwenyewe, kila alipokosa kazi ya ujenzi.

Yote yalianza na kalenda.

Alikuwa anajenga ukuta huko Mutoyi, wenye kazi wakampa kalenda iliyopitwa na wakati. Ilikuwa na picha ya mwanaume na binti yake wamekaa ukingoni mwa bwawa, wameshika fimbo za kuvulia, na samaki mwenye madoadoa amelala kwenye nyasi. Wakamwambia samaki yule anaitwa truite.

Akaikata ile picha, akaibandika ukutani juu ya cherehani yangu.

"Mama Ketia, mi nataka bwawa ya namna hii. Si ya biashara. Watu wanakuja dimanche, baada ya misa, na watoto, wanavua, wanachoma, wanakula, wanarudi kwao. Ni hivyo tu."

Truite hakumpata. Aliambiwa samaki huyo anataka maji ya baridi sana yanayotembea, na maji yetu ni ya uvuguvugu, yametulia. Akakubali tilapia, ambao kule Tanzania tulizoea kuwaita sato.

Sasa niseme ukweli, hata kama ni wa mume wangu. Alishindwa. Miaka miwili samaki walizaana mpaka maji yakawa yanachemka kwa wingi wao, lakini hakuna aliyezidi kidole gumba. Akipita kilabu cha pombe ya ndizi, watu, kwa kuona samaki wale ni wa kulisha paka tu, walimuita, "Dezire! Paka wako hawajambo?"

Alikuwa anacheka nao. Nyumbani alikuwa hacheki.

Alikufa bila kujua kosa lilikuwa wapi.

Kwenye kikao cha familia baada ya mazishi, shemeji yangu Fabiani, mdogo wake Dezire, alisema mabwawa yakaushwe, upandwe mpunga. Simlaumu. Ana watoto sita na bonde ni dogo.

Mimi siongei sana kwenye vikao. Siku ile niliomba nipewe nafasi moja.

Fabiani akaniangalia, akasema, "Belle-sœur, shemeji yangu, sawa. Mpaka kuganduka. Siku ile kama samaki ya kulisha wageni haiko, mi naleta jembe."

Kwa wasiojua, kwetu Burundi msiba hauishi siku ya kuzika. Baada ya kama mwaka hivi familia inakutana tena, inakula na kunywa pamoja, na hapo mjane anamaliza msiba wake. Hiyo ndiyo kuganduka. Kwa hiyo nilikuwa na mwaka mmoja wa kuokoa kazi ya mikono ya mtu ambaye hawezi tena kujitetea.

Ndipo Shangazi Perpetua akanyanyua mkono.

Huyu ni shangazi yake Dezire, ndiye aliyemlea. Hajawahi kula samaki maishani mwake. Kwa wazee wengi wa milimani samaki si chakula, ni kama kula nyoka mwenye mapezi. Alisema kwa Kirundi, nami natafsiri:

"Zamani nyumba ikiwa na msiba, hata fahali alitengwa na ng'ombe mpaka siku ya kuganduka. Ukileta samaki kwenye maji ya mtoto wangu, madume yakae kwao na majike kwao. Nyumba hii inalia. Hakuna wa kuzaa hapa."

Watu wengine walificha vicheko. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Ndiyo, Shangazi."

Tulikausha mabwawa ili kuwamaliza wale samaki wadogo, tukaacha jua lichome tope. Mwezi wa tano nikaenda kwenye kituo cha vifaranga vya samaki nje ya mji wa Gitega. Nilizunguka maneno, naona haya, mwisho nikamwambia kijana wa pale kwamba nataka madume na majike, ila wawe mbalimbali, kwa sababu tuko kwenye msiba.

Akacheka. Nikachukua mkoba wangu niondoke.

"Mama, subiri! Sikucheki wewe. Kila siku tunaambia watu watenganishe hizi samaki, hawasikii. Zikiwa pamoja zinazaana tu, chakula inaisha, zote zinabaki ndogo. Nani alikufunza?"

"Shangazi."

"Huyo shangazi ni ingénieur wa wapi?"

Wakuu, hapo nilikaa kwenye ndoo. Miaka miwili ya mume wangu kutaniwa, na kosa lilikuwa hilo tu. Hakuwa mvivu. Hakuwa na mkosi. Ni kwamba hakuna aliyemwambia.

Kutenganisha kunafanywa kwa mkono, samaki mmoja mmoja, akiwa ameshafikia upana wa kiganja. Unamgeuza tumbo juu. Dume ana matundu mawili, jike ana matatu, na hayo matundu ni madogo kuliko tundu la sindano yangu. Kijana aliniambia kazi ni nyingi na watu ni wachache, kama nina haraka nikae nao nisaidie. Nikakaa siku mbili. Miaka kumi na saba natia uzi kwenye sindano, macho yangu yanajua kazi hiyo. Siku ya pili wakawa wananiletea mimi wale wanaowashinda.

Naandika hili kwa majivuno kidogo, mniruhusu.

Niliondoka na madume mia tatu na majike ishirini, kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa. Shangazi hakukataza majike, alisema watengwe tu.

Dereva wa Probox aliangalia ile mifuko. "Mama, hawa bote wanapanda na tiketi moja?"

"Hawa hawakalii kiti."

"Basi wasiimbe njiani." Akawafunika na koti lake, jua lisiwapige, mpaka Muyinga. Walikufa saba tu.

Madume tukawaweka bwawa kubwa, majike dogo. Mimi nilirudi Gitega kushona, na aliyebaki kuwalisha ni Shangazi mwenyewe, mtu anayechukia samaki. Pumba za mpunga asubuhi, mchwa jioni. Alikuwa ananipigia simu: "Hawa wapumbavu wako wamekula."

Mwezi wa kumi nilienda kuwaona. Nikaona kitu kilichonikata maini. Kwenye bwawa kubwa, pembeni kwenye nyasi, kulikuwa na wingu la vifaranga.

Maana yake jike mmoja alinipita mkononi. Labda wawili. Niliyekuwa najisifu macho.

Shangazi haoni vizuri, nisingesema asingejua. Nilikaa na hilo jambo muda wa kupika maharage, kisha nikaenda kumwambia. Akauliza, "Alijificha?"

"Alijificha, Shangazi. Nilidhani ni dume."

"Basi mwizi ni yeye. Mtoe."

Nilishinda majini mpaka kiunoni kwa siku tatu, na wavu na ndoo. Nilipata majike wawili, nikawahamisha. Vifaranga nikavikusanya kwa chandarua, vingi, si vyote.

Kuganduka ilikuwa mwezi wa pili mwaka huu. Wageni walijaa. Fabiani alikuja mapema, na jembe kweli alikuwa nalo, kaliegemeza kwenye ukuta.

Ketia, binti yangu wa kwanza, ndiye aliyetupa ndoano ya kwanza. Fimbo ya mwanzi na nyungunyungu, basi. Kabla sijamaliza kuwapa wengine fimbo zao nikasikia anapiga kelele. Samaki alikuwa mrefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi kwenye vidole? Hapana, nimesema sitadanganya. Alikuwa amezidi kiganja changu na vidole vyake vyote, na mnene mgongoni.

Wale wa kilabu walikuwepo. Hakuna aliyeuliza habari za paka.

Wageni wote walikula. Fabiani alikula watatu.

Baada ya sala na maneno ya familia, Shangazi akasema sasa msiba umeisha, madume na majike waunganishwe. Hapo nikashikwa. Nikimtii, mwakani tunarudi kwenye vidole gumba. Nikikataa, nimemvunjia heshima mbele ya ukoo, na ni yeye aliyetuokoa.

Nikamuuliza polepole, "Shangazi, je, wakiposwa wachache, si itatosha kuwa harusi?"

Akasema, "Leta ndoo."

Tulivua madume sita, akaibeba ndoo mwenyewe, mama wa miaka karibu themanini, akawamwaga kwenye bwawa dogo la majike. Akanawa mikono. Hivyo bwawa dogo sasa ndilo la kuzaa, kubwa ni la kukua na kuvua. Yule kijana wa kituo nilimweleza kwa simu, akasema wenye miradi mikubwa wanafanya vilevile.

Nilichojifunza, wakuu: ukianza tilapia, tenga madume na majike kabla ya kitu kingine chochote, na kama huwezi kuwatambua, kaa na anayeweza mpaka mkono uzoee. Na mzee wa nyumbani akikupa sharti usilolielewa, lifuate kwanza ndipo ucheke. Mwenye mabwawa maeneo ya baridi zaidi, kama umewahi kufuga truite, naomba uandike hapa chini. Ile picha bado iko juu ya cherehani.

Siku hizi kila Jumapili familia mbili tatu zinashuka bondeni na watoto. Wanavua, wanachoma, wanarudi kwao.

Jumapili iliyopita nilikuwa huko, napaa samaki magamba, nikamwona Fabiani anashuka na fimbo aliyoichonga mwenyewe. Habari za mpunga hakuzitaja. Alikaa kwenye nyasi karibu na Ketia, akamuuliza nyungunyungu ziko wapi.