Fundo la Kukamulia Mbele ya Hakimu

Kabla mlango wa ndege haujafungwa, mimi huhesabu vichwa mara mbili. Kitabu cha kazi kinataka mara moja tu. Siku ile nilipata abiria thelathini na sita, nikarudia, nikapata thelathini na sita, nikamwambia rubani tuko sawa. Na hesabu ilikuwa sawa kweli. Mmoja wa hao thelathini na sita ndiye hakuwa sawa, na hilo vichwa havionyeshi.

Ilikuwa ndege ndogo ya viti thelathini na saba, Nairobi kwenda pwani, na mhudumu mmoja peke yake: mimi, mzaliwa wa Garsen, niliyekulia kwenye boma la ng'ombe na kuajiriwa kwa sababu ya tabasamu. Bwana huyo mmoja alikaa dirishani, safu ya saba. Mfanyabiashara wa mifugo kutoka Madogo, mtu mzima, mkubwa wa mwili, mpole. Alikunywa chai yangu akashukuru. Upole ukaendelea hadi tulipoanza kushuka juu ya Mto Tana.

Kiangazi kilikuwa kikali, na watu wa juu ya mto, kama wa Madogo, walikuwa wameteremsha mifugo yao delta kutafuta majani. Yule bwana akabandika paji la uso kwenye kioo.

"Wale ni wangu," akasema.

"Funga mkanda, mzee."

"Abayo, wale ng'ombe ni wangu, na wako ndani ya mahindi ya mtu! Mwambie dereva ateremke kidogo nihakikishe."

Abayo ni dada kwa Kisomali. Mtu akikuita hivyo huku anasimama, jua kuna ombi kubwa linakuja.

"Mzee, hii si pikipiki."

"Basi azunguke mara moja. Mara moja tu! Nani ataumia?"

Niliinama nikachungulia. Kutoka kule juu ng'ombe ni kama punje za pojo. Mimi niliyekuwa nikiwatambua ng'ombe wa nyumbani kwa mwendo, nikashindwa kujua hata kama ni ng'ombe. Ndipo nikafanya kosa ambalo mhudumu wa Ulaya asingeweza kulifanya. Nikamwambia, "Pengine hivyo ni vichuguu."

Kumwambia mfugaji kwamba mali yake ni vichuguu! Aliinuka akaelekea chumba cha rubani. Nikasimama katikati ya njia, nikanyoosha mikono, nikatabasamu. Akanikamata kitambaa cha shingoni. Kile kitambaa ni amri ya kampuni, hufungwa kooni kabisa, na aliyekibuni naona alitaka abiria wapate pa kushikia. Akakipinda. Hapo mzaha uliisha. Nikaona weusi pembeni mwa macho, na nikajua kwamba nyuma yangu kuna mlango mmoja, na nyuma ya mlango huo kuna watu wawili wanaotushikilia hewani.

Tulifundishwa kujikinga kwa siku mbili, katika ukumbi wa kukodi, tukipigana na sanamu la sponji lenye adabu kuliko abiria wote niliowahi kuwahudumia. Hatua ya kwanza, sauti. Ya pili, kiganja. Ya tatu, kufunga. Sauti yangu ilikuwa ndani ya ngumi yake, kwa hiyo nikairuka. Nikampandisha kiganja chini ya kidevu. Kichwa kikarudi nyuma kikagonga sanduku la mizigo, naye akaketi juu ya mapaja ya mama mmoja wa safu ya tatu, ambaye alimwongeza pigo la mkoba bila kuombwa na mtu.

Nilikuwa na mkanda wa ziada mfukoni, ule wa kuwaongezea abiria wanene. Nikaifunga mikono yake. Sikufikiria. Vidole vyangu vilikumbuka vyenyewe: zungusha huku, vusha kule, chomeka ncha ndani. Ndivyo tunavyofunga miguu ya nyuma ya ng'ombe asipige teke chombo cha maziwa.

Bwana akaitazama mikono yake. Akaacha kupigana.

"Umenifunga fundo la kukamulia," akasema polepole.

"Kaa chini."

"Mimi! Na ndevu zangu! La kukamulia!"

Rubani hakutaka maelezo. Akatua kwenye kiwanja cha karibu, ambacho kwa bahati yangu mbaya kilikuwa cha vumbi na kilikuwa kaunti yetu. Mama yangu alipata habari kabla mapanga ya ndege hayajasimama. Askari waliokuja walihangaika na lile fundo, wakalivuta, wakalilaumu, mwishowe wakaniomba mimi nimfungue mshtakiwa wao. Nikavuta ncha moja likaachia. Mmoja akaandika kwenye daftari: "Kufungwa kwa njia isiyo ya kawaida."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoniletea balaa. Faili zikawa mbili. Moja yangu, kwamba alinikaba nikiwa kazini. Nyingine yake, kwamba nilimshambulia na kumtesa. Kila mmoja na fomu yake ya majeraha, P3, kila mmoja na daktari wake. Kampuni ikaniambia nikae nyumbani Garsen hadi korti iseme. Nikipatikana na hatia, leseni ya kazi inakwenda na mimi narudi kukamua. Sina ubaya na kukamua. Ila nilikuwa nimeshaacha.

Kabla ya siku ya korti, wazee watatu wa upande wake walifika kwa mama. Wakaketi mkekani, wakauliza habari za kila mnyama mmoja mmoja, wakanywa chai vikombe viwili viwili. Ndipo mkubwa wao akasema, "Binti yetu, kidevu si neno. Kidevu kinapona. Lakini mwanamume amefungwa kama ng'ombe mbele ya watu. Omba radhi, chinja mbuzi mmoja, tule pamoja, naye aondoe maneno yake."

Kwetu ugomvi huisha hivyo, na huisha vizuri. Shida ni kwamba wakili wangu alikuwa ameniapisha nisimwombe radhi mtu yeyote, hata nikimkanyaga kidole, maana radhi ikiandikwa inaitwa kukiri.

"Mbuzi nitachinja," nikasema. "Radhi sina."

"Sasa huyo mbuzi ni wa nini?"

"Wa kitoweo."

Mama akajifunika uso kwa mtandio.

"Omba radhi nusu," mzee akashuka bei. "Sema tu umesikitika."

"Nimesikitika kwa kiangazi."

"Hilo hata sisi tumesikitika."

"Basi tumesikitika pamoja, baba. Tuandike hivyo."

Walicheka, wakaondoka bila radhi na bila mbuzi.

Siku ya korti ilianza faili yake, mimi nikiwa mshtakiwa. Yule bwana alipanda kizimbani akiwa amevaa vizuri kuliko mimi. Kiongozi wa mashtaka, kijana nadhifu kutoka bara, akainua ule mkanda, sasa ukiitwa kielelezo namba moja.

"Mheshimiwa, nitaonyesha ukatili wa fundo hili ambalo hata polisi walishindwa kulifungua." Akamwita askari wa mlangoni, akamfunga mikono kwa kukisia, mizunguko minne, akakaza kwa goti. Askari akauma midomo.

Mlalamishi akajikohoza. Akageuka. Akageuka tena.

"Sio hivyo," akasema.

"Subiri uulizwe, shahidi."

"Utamvunja! Mtu anafunga hivyo? Hivyo unafunga kuni!"

Akashuka kizimbani. Karani akamtazama hakimu, hakimu akamtazama yule bwana, hakuna aliyemzuia. Akamfungua askari, akapuliza alama za mikono yake, kisha akamfunga upya: huku, kule, ncha ndani. "Alifunga hivi. Kidole kinapita hapa, ona. Likibana, ng'ombe anaumia, na akiumia anazuia maziwa. Huyu binti amefundishwa na watu."

"Kwa hiyo halikukuumiza?" hakimu akauliza.

"Kuumiza? Hapana. Niliaibika."

"Mheshimiwa," kiongozi wa mashtaka akasema, "shahidi wangu hajaelewa swali."

"Ameelewa. Wewe ndiye hujawahi kukamua." Hakimu akafunua ukurasa. "Na alipokupiga kidevu, mkono wako ulikuwa wapi?"

"Kwenye kitambaa."

"Kitambaa kilikuwa wapi?"

"Shingoni mwake."

"Na ulikuwa unakifanya nini?"

Bwana akafikiri kwa haki kabisa. "Nilikuwa nakipinda."

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma kwamba aliyekabwa njiani mwa ndege inayoshuka ana ruhusa ya kujikinga kwa kadiri ya hatari, kwamba kiganja kimoja na fundo linalopitisha kidole havikuzidi kadiri, na kwamba sina kesi ya kujibu. Nilimwomba wakili anirudie maneno hayo. Akarudia. Yalikuwa yale yale.

Nikatoka barazani nikampigia mkubwa wangu wa kazi.

"Umeshinda?"

"Nimeambiwa sina kesi."

"Basi njoo Jumatatu."

Nikakaa kwenye benchi. Muda si muda yule bwana akaja akakaa mwisho wa benchi lile lile. Faili iliyofuata ilikuwa ile yangu ya kukabwa; sasa mshtakiwa alikuwa yeye, na shahidi nilikuwa mimi.

"Abayo," akanong'ona, "ukiingia humo, sema nilishika kidogo."

"Ulishika mpaka sauti ikakatika."

"Sema basi nilishika wastani."

"Hapana."

"Wewe nimekusaidia fundo!"

"Umesema kweli. Na mimi nitasema kweli."

Akahesabu vidole vyake kama mtu anayetafuta bei ya mwisho. Karani akatuita majina.

"Basi waambie," akasema akisimama, "kwamba nilikuwa naona ng'ombe wangu wakiingia kwenye mahindi ya watu."

"Hilo nitalisema," nikamwambia, na nikaingia nikalisema.