Ukurasa wa Golikipa

Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Mimi bosi wangu nitamsema, na nikimaliza nitajisema mwenyewe, kwa hivyo asiniharakishe mtu.

Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya mradi wa visima hapa Kisumu, miaka ya themanini ikielekea kuisha. Bosi alikuwa Mfini, mtu wa Finland, mzee wa miaka sitini hivi, mrefu, uso mwekundu kama aliyepigwa na mvuke wa sufuria. Kazi ya visima aliijua, sitamnyima haki yake. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye klabu ya kwao ya hoki ya barafuni.

Hoki tuliijua. Shule za hapa zilicheza, na vijana wa Kihindi walikuwa hodari kabisa kwenye nyasi. Ila bosi alisema kwao baridi ikizidi ziwa zima huganda, watu wakavaa viatu vyenye vyuma chini, wakateleza juu ya ziwa wakigombania kisahani cha mpira mgumu. Dereva wetu, Mwislamu wa mtaa wa Kaloleni, mtu wa adabu zake, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza pembeni, "Huyu mzee amekula nini asubuhi?" Yawa, tulicheka! Sisi watu wa ziwa ndio tuambiwe ziwa linakanyagwa!

Klabu ilikuwa karibu kutimiza miaka arobaini, na kamati ilimwomba aandike habari za mwanzo, maana waanzilishi wenzake wengi walikuwa wamekufa. Aliandika kwa mkono, mimi nikapiga taipu. Kifini sikijui hata salamu. Nilinakili herufi kwa herufi, halafu vile vinukta viwili vinavyokaa juu ya herufi zao nikaviweka kwa kalamu. Nambari za kurasa niliziacha hadi mwisho kabisa, kwa sababu hakuwa akiacha kuongeza mambo.

Alikuwa akinisimulia ninavyopiga, mpaka nikaijua klabu ile kuliko timu za mtaani kwetu. Ilianzishwa na wapasua mbao baada ya vita kuu vya pili. Walijifunga magazeti miguuni wasivunjwe mifupa, wakachonga fimbo zao wenyewe, na watazamaji walikuja na kuni zao za kuota moto. Baadaye kukajengwa ukumbi wenye mitambo ya kugandisha maji hata wakati wa joto. Timu ikapanda mpaka ligi kuu, wachezaji wakaanza kulipwa mshahara, na walipochukua ubingwa mji mzima ulikunywa siku tatu. Kisha matajiri wakaiteka kamati, na wale wapasua mbao wakaambiwa wakate tiketi kama watu wengine.

Ukurasa mmoja alitaka ukae peke yake, usichanganywe na kitu. Golikipa wao wa kwanza alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Mwaka wa pili, barafu ilipoanza kulainika, polisi walikataza mechi. Kamati ikashikilia lazima ichezwe. Ziwa likapasuka pale pale golini, na mwili haukuonekana tena. Kwa kuogopa kesi, kamati iliandika kwamba kijana yule hakuwa mwanachama, alikwenda kuteleza kivyake. Jina lake likafutwa kwenye orodha. Mama yao alikuwa bado hai, amepita miaka tisini, na ombi lake duniani lilikuwa moja: alione jina la mwanawe katika kitabu cha klabu kabla hajafa. Bosi aliniambia hayo akiwa amenipa mgongo, anaangalia nje dirishani. Nilimhurumia, sikatai.

Wiki ile ile ya kumaliza, ndugu yangu akafa. Kitinda mimba wetu, niliyembeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni mtoto wangu. Malaria ilimpanda kichwani, siku mbili tu, basi. Mazishi yalikuwa Jumamosi, nyumbani, mbele ya Bondo. Alhamisi nikaenda kwa bosi kuomba ruhusa. Alikuwa na mwenzake anayeruka Jumapili kwenda kwao, ndiye angebeba bahasha ya kurasa zetu, kwa hivyo akakataa. Nikamwambia, "Bwana, kwetu dada hakosi kaburini. Nani atamlilia?" Nikalia mbele yake kama mtoto. Hakuinua hata kichwa.

"Wafu hawana haraka," alisema. "Kitabu kina haraka."

Utasema ningeenda tu. Watu saba walikula kwa kazi ile, ungewalisha wewe? Nilibaki. Jumamosi saa nane mchana, wakati kwetu wanafukia, mimi nilikuwa Kisumu natia vinukta juu ya herufi za watu.

Nikamaliza. Zikabaki nambari. Nikautoa ukurasa wa golikipa, nikazipiga nambari kwenye kurasa zilizobaki, moja baada ya nyingine, bila pengo. Ule mmoja nikauchana vipande vidogo nikautupa chooni. Nakala ya kaboni sikuigusa, ilibaki kwenye faili yake, kamili. Bosi akaja, akaipima bahasha mkononi, akaifunga bila kuifungua. Sikukosea, na nataka ijulikane hivyo. Nilifanya kwa makusudi.

Nilifika nyumbani Jumapili. Mama alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, akageukia wanawake waliokaa naye, akasema, "Mgeni apewe kiti."

Kitabu kilikuja baada ya miezi, kizuri, jalada gumu. Bosi alikifungua mezani kwangu akitabasamu, mara ya kwanza kuyaona meno yake yote. Akapekua, akarudi mwanzo, akapekua tena. Kisha akaniomba nakala ya kaboni. Nikampa. Ukurasa ulikuwemo. Akaulaza kando ya kitabu, akasema polepole, "Wamemtoa. Mara ya pili, wamemtoa."

Hakunishuku hata kidogo. Dada yake alimwandikia kwamba mama amesomewa kitabu chote, na alipofika mwisho akaagiza kianzwe upya, akidhani msomaji ameruka mahali. Siku hiyo bosi alinipa barua niipige taipu, ya kwenda kwa klabu, ya kuvunja uanachama wa maisha yake yote. Aliniambia maana yake: wamemzamisha mdogo wake kwa mikono yao, na asizikwe na bendera yao. Nikaipiga. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka njaa ikaniuma.

Wiki mbili baadaye simu ikalia ofisini. Alikuwa karani wa klabu, mwanamke, Kiingereza chake kizito lakini kinaeleweka. Alisema wazee wa kamati ile ya zamani wote walikwisha kufa, hakuna tena wa kuficha kitu, na ukurasa huo anaoulilia bosi kwenye barua yake hawajauona kwa macho. Bosi autume tu. Watauchapa, waubandike katika kila kitabu kilichobaki, na yeye mwenyewe atakwenda kumsomea mama. Alikuwa karibu kulia, mwanamke wa watu.

Bosi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameapa hatazungumza nao tena.

"Wanasema nini?"

Faili ya kaboni ilikuwa kabatini nyuma yangu, hatua mbili.

"Wanasema hawana la kuongeza, Bwana."

Akatikisa kichwa, akatoka kwenda kukagua mabomba. Nikamwambia yule mwanamke nitafikisha ujumbe, nikakata simu. Mama yake bosi aliishi miezi minane zaidi, na kila asubuhi ya miezi hiyo nilikuwa kazini, hatua mbili kutoka kabati lile.